Kwa Nini Komba Hulia Kama Mtoto

Mwache mwanao alie, Nakunda, wala usione haya. Kaa hapa nikueleze kwa nini komba hulia kama mtoto.

Hapo kale milima yetu haikuwa na komba. Na watu wake walikuwa na adabu moja ya ajabu: mtoto wa kwanza akiangua kilio, majirani walimpa mama yake mgongo. Waliiita heshima, mama asije akaona aibu kutazamwa akishindwa. Mimi naiita ujinga.

Nakijwa alijifungua mtoto wake wa kwanza, Mrindoko, akampenda kupita kiasi. Mtoto alipoanza kutembea, akaanza pia kujibwaga chini. Alijibwaga uji ukiwa wa moto, akajibwaga ukipoa. Aligonga kichwa ardhini, akazuia pumzi mpaka midomo ikabadilika rangi. Nakijwa alimbembeleza, akambeba mgongoni, siku moja akamchapa, kisha wakalia wote wawili. Mumewe alikuwa kule tambarare akichunga ng'ombe. Kila Nakijwa alipoinua macho aliona migongo ya majirani tu, akaamini wanamlaumu.

Akamwendea mama mkwe wake. "Mama, nimechoka. Nisaidie japo kumshika."

Mama mkwe akageukia kinu chake. "Mtoto wa kwanza ni wa mama yake peke yake, mwanangu. Utazoea."

Alasiri moja Nakijwa alimmenyea Mrindoko ndizi. Kumbe mtoto alitaka kuimenya mwenyewe. Akalia ganda lirudishwe. Nakijwa akalirudisha, akalifunga kwa uzi wa mgomba, likaachia. Kilio kikazidi, na mama wa watu uvumilivu ukamwishia.

"Haya, kalie huko mitini," akasema, "na anayekutaka akuchukue."

Akaenda mferejini kunawa uso. Akiwa huko, kilio kikakoma. Akafurahi, maskini, na furaha ile fupi hakujisamehe mpaka anaingia kaburini.

Aliporudi, uani palikuwa na ganda tu. Juu ya mti kiumbe kidogo chenye manyoya na macho makubwa kilikuwa kikimtazama. Alipokiita kwa jina la mwanawe, kikafungua mdomo kikalia, sauti ile ile. Alikinyooshea mikono mpaka ikafa ganzi. Hakikushuka.

Ndipo migongo ikageuka. Wanawake wakaacha michi vinuni, wakaja mmoja mmoja, mama mkwe akiwa mbele, wakaketi naye chini ya ule mti. Walikuwa wamechelewa.

Na tangu siku hiyo komba hulia kama mtoto, nasi tukisikia mtoto wa kwanza analia, huacha michi vinuni tukaenda bila kuitwa. Ndizi tunazomwachia komba shinani mwa mti hatuzimenyi. Yeye hupenda kumenya mwenyewe.

Sasa nipe huyo wako, Nakunda. Nenda kanawe uso, kaa huko hata kitambo. Ukirudi utamkuta.