Waya wa Mwanakheri

Baba mwenye nyumba, Mzee Chamkwezi, alipiga marufuku antena kwenye bati lake. Mpangaji anayetaka televisheni achangie malipo ya dishi la mzee. Mwanakheri wa chumba cha uani akaitikia kwa adabu zote.

"Na waya wa kuanikia nguo, baba?"

"Huo funga."

"Ningefunga, lakini urefu Mungu kakujalia wewe."

Mzee akavimba kichwa, akapanda ngazi, akaufunga juu kabisa.

Siku ya fainali, kifurushi cha dishi kiliisha mpira ukiwa umekolea. Mzee akasikia shangwe za goli uani, akaingia chumbani kwa Mwanakheri bila hodi. Picha kwenye televisheni iling'aa, kisha ikaanza kutetemeka.

"Dishi lako liko wapi?"

"Keti, baba. Ila mwambie mama aanue kanzu yako kwenye ule waya, inatuharibia picha."