Kiboko na Boti Lisilo na Mwenyewe

"Hadithi imekwama matopeni!"
"Tuivute!"
"Ni nzito!"
"Tuko wengi!"

Haya, vuteni. Hapo kale Kiboko alinunua boti. Kuogelea anajua, boti la nini? La kutambia. Akalipaka rangi nyekundu, na kila sikukuu akawa anazunguka nalo ziwani ili watu wamwone.

Sikukuu ya mavuno akawaalika wanyama wadogo wa ukingoni. Pimbi akaja na mdogo wake, Chausiku. Chausiku hajapata kupanda chombo maishani. Tangu alfajiri alikuwa anacheka peke yake.

Pimbi akachungulia ndani ya boti.

"Bwana Kiboko, maboya ya kuvaa yako wapi?"

"Maboya ni ya waoga."

"Na sheria ya ziwa? Si inasema mwenye boti ampe kila abiria boya lake?"

"Mwenye boti ni mimi! Panda au baki!"

Chausiku akamvuta dada yake. "Dada, twende tu, jamani."

Wakapanda. Digidigi akapanda. Kicheche akapanda. Nungunungu akapanda na wanawe wote. Boti likashuka mpaka maji yakawa yanalamba ukingo wake. Kiboko akagida pombe ya mtama, gu gu gu, akashika usukani.

Katikati ya ziwa maji yakaanza kuingia kutoka chini, chubwi, chubwi. Digidigi akapiga kelele, wote wakakimbilia upande mmoja. Boti likalala. Pwaa!

Kiboko akaogelea, huyoo, mpaka nchi kavu. Hakugeuka nyuma.

Pimbi alidaka dumu tupu kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili akamshika mdogo wake.

"Nishike, Chausiku. Usiniachie."

"Sikuachii, dada."

Wimbi likaja, akamshika. Wimbi likaja, akamshika. Wimbi likaja tena, na mkono wa Pimbi ukabaki mtupu.

Waliopona walikuwa wachache. Korongo, mwamuzi wa ziwa, akaitisha baraza. Kiboko akaja akijifuta macho makavu.

"Boti si langu," akasema. "Na mimi nilialikwa tu."

Akawatazama waliopona mmoja mmoja, akapiga mwayo, meno yote nje. Wote wakainama.

"Ni lake," akasema Pimbi.

Korongo akashusha pumzi. "Neno la mmoja halitoshi, binti."

Pimbi akarudi pangoni. Alitaka kulia, machozi yakagoma. Akakaa muda mrefu anautazama mkono wake. Kisha akainuka, akaenda kwa Nyati, wakanong'ona. Kulipokucha akapita kwenye matete ya Kiboko, mbio mbio.

"Wapi hivyo, Pimbi?"

"Kumpongeza Nyati. Boti limeopolewa! Wageni wa ng'ambo wamelipenda, wanampa mwenyewe shamba zima la miwa."

"Nyati? Nyati ana boti wapi?"

"Anasema ni lake."

"Mwongo!"

Kiboko akatoka majini, tifu tifu tifu, mpaka ufukweni. Wanyama wamejaa. Nyati amesimama kando ya boti, Korongo yuko juu ya gogo.

"Ni langu!" akasema Nyati.

"Ni langu!" akanguruma Kiboko.

"Basi mwenyewe ataje alama asiyoweza kuijua mgeni," akasema Pimbi polepole.

Nyati akasogea kando. Kiboko akacheka, akalipindua boti kwa pua.

"Tazameni! Tobo hili hapa nimeliziba mimi kwa matambara tangu masika!"

Korongo akashuka gogoni.

"Tangu masika," akarudia Korongo. "Kumbe ulijua."

Ndipo Kiboko alipogeuka kuwatafuta wale wageni na miwa yao, asione kitu.

Akahukumiwa kuwatafuta aliowaacha, mpaka awapate wote. Ndiyo maana mchana kutwa yumo majini. Anazama, anaibuka, fuuu! Anazama tena, anaibuka, fuuu! Na Pimbi hukaa juu ya jiwe, anamngoja.

"Umempata?"

"Bado."

Hadithi yangu imeishia hapo, aliyelowa ajianike. Na funzo lake, wanangu, ni hili: msipende miwa. Miwa ndiyo iliyomponza Kiboko.