Msomaji wa Ubao wa Wote

Mtu mmoja katika milima ya Upare alikuwa na kazi ya kuwasomea wenzake ubao. Jina lake Kajiru. Ubao wenyewe ulisimama juu kilimani, kwenye ghala la wakulima, na kila mkulima alikuwa na ruhusa ya kuandika, kufuta na kusahihisha alichoandika mwenzake: lori la mboga litasimama wapi, maji ya mfereji leo ni ya nani. Na waliandika, jamani! Vifupisho, mishale, herufi juu ya herufi. Kuusoma mpaka ukaeleweka kulitaka mtu akae chini atulie.

Kajiru alikaa bondeni, kwenye mashine ya kusaga, walikopita watu. Kila aliyeuliza, alimpandia kilima, akasoma, akachambua, akashuka na jibu safi. Akija wa pili na swali lile lile, akapanda tena. Magoti yakalalamika. Ndipo alipojiambia kwamba kusoma mara moja asubuhi na kuliweka jibu kichwani kunatosha. Na kweli, mambo yakamnyookea. Watu walijibiwa hata kabla ya kutua mizigo, wakamsifu, naye akanenepa kidogo. Alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi.

Siku moja akaja Bi Nakiete, mjane, na tenga la nyanya kichwani, ndiyo bustani yake yote. Zilikuwa zimeiva, zisingengoja lori la wiki ijayo. Akauliza lori linasimama wapi. Kajiru, bila hata kubandua mgongo ukutani, akamjibu kwamba ni shuleni. Hakusema uongo, alikuwa amesoma hivyo kwa macho yake. Lakini baada yake mtu alifuta, akaandika darajani, maana njia ya shule ilijaa tope. Mama wa watu akangoja shuleni peke yake, mpaka akaliona lori ng'ambo ya bonde, likiteremka kuelekea darajani.

Akarudi mashineni na tenga lake, anahema. Hakupiga kelele. Alisema tu:

"Mwanangu Kajiru, sikukuuliza ubao ulisemaje asubuhi. Nilikuuliza unasemaje."

Kajiru akaona aibu mpaka masikio yakamwaka. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; siku hiyo alionja uzito wake. Akajitwika tenga, akatimua mbio kuelekea darajani, maji ya nyanya yakimchuruzika shingoni, watu wa mashine wakimcheka na kumshangilia. Dereva alikwisha kuwasha gari. Akasimama, akacheka naye, na nyanya zikapakiwa.

Wengi walidhani Kajiru sasa atarudia kupanda kilima kwa kila swali. Thubutu! Alichofanya ni kutundika rimu kuukuu la gari kando ya ubao, akamwomba kila abadilishaye hata neno moja aligonge rimu hilo mpaka lisikike bondeni. Rimu likinyamaza, alijibu ameketi, na raha yake. Likilia, alilitupa jibu alilokuwa nalo na kupanda kusoma upya.

Basi ninyi mnaounda viendelezi vya wiki, yaani programu za nyongeza za zile tovuti ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzihariri, mnaohifadhi ukurasa uliokwisha kuchambuliwa ili msiuchambue upya kila anapobisha hodi mgeni, mnafanya vyema. Lakini ukurasa huo ukihaririwa leo, ni nani atakayewagongea rimu?