Bi Nguchiro na Fimbo ya Bwawani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapiga kura na kuvaa tai shingoni, palikuwa na Bunge. Lilikaa pangoni, maana pango hukuza sauti, na waheshimiwa walipenda kusikia sauti zao zikiwarudia. Naam, hata zile za kukoroma.

Spika alikuwa Mbuni. Joho hakushonewa, alikuwa nalo jeusi la manyoya yake mwenyewe. Safu ya mbele walikaa wakubwa: Kiboko, Tembo na Nyati. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa Bi Nguchiro, mbunge wa wanyama wadogo, aliyechaguliwa juzijuzi tu. Kwa ufupi wake ilimbidi asimame kwa miguu ya nyuma ndipo aone kinachoendelea.

Na alikuwa mdadisi huyo! Akiona shimo, lazima achungulie. Akisikia neno, lazima aulize limetoka wapi. Kama wewe hapo, unayeniuliza iwapo Kiboko alivaa viatu. Alivaa. Tulia sasa.

Mwaka huo ukame ulikuwa mkali. Mito ilikauka yote, likabaki bwawa moja. Kiboko, aliyekuwa akishinda humo mchana kutwa siku zisizo za Bunge, akaleta muswada.

"Mheshimiwa Spika," akanguruma, "wadogo wanatuchafulia maji! Napendekeza tusimike fimbo pale bwawani. Mnyama asiyefikia kimo cha fimbo asinywe mpaka mvua zinyeshe. Fimbo nimeshaikata, hii hapa. Naomba kutoa hoja!"

Po! Po! Po! Wakubwa wakapiga meza.

Eti wadogo wanachafua maji! Na yeye Kiboko, humo majini, haja zake alikuwa akizimalizia wapi? Msicheke, nauliza tu.

Bi Nguchiro akaingiwa na hofu. Nyumbani aliwaacha watoto wake pacha wakilamba unyevu wa mtungi mtupu. Sheria ikipita, jioni hiyohiyo fimbo itasimikwa, na pacha wale hawafiki hata nusu yake. Mvua itawakuta wamekwisha kufa.

Wa kwanza kuchangia alikuwa Mzee Ngiri.

"Mheshimiwa Spika, muswada huu ni mbaya! Mbaya mno! Mimi mwenyewe fimbo ile inanipita! Watoto wangu watakufa kwa kiu! Huu ni ukatili, nasema ni ukatili!"

Mate yalimruka mpaka safu ya tatu. Bi Nguchiro akafurahi, akajisemea, "Naam! Huyo ndiye mwanamume!"

Kengele ya muda ikalia, ngo! ngo!

"Baada ya kusema hayo," akasema Ngiri, "naunga mkono hoja." Akakaa, akajifuta jasho.

"He!" Bi Nguchiro akamsogelea mbio. "Shikamoo, mzee wangu. Umeipinga hoja mpaka mate yamekuruka, halafu umeiunga mkono?"

"Marahaba, mwanangu. Ndivyo tunavyomalizia."

"Kwa nini?"

"Nimekuta hivyo."

"Na asiyemalizia hivyo, humtokea nini?"

Ngiri akajikuna shavu. "Ala! Hata sijui. Hajapata kuwepo."

Akasimama Swala. Akatoa machozi, akaunga mkono. Akasimama Kima. Akairarua hotuba yake kwa hasira, akaunga mkono. Na wakubwa je? Wakubwa walikuwa wamelala fofofo. Khorrr... fyuuu. Khorrr... fyuuu.

"Mzee Ngiri, sasa hawa waliolala watapigaje kura?"

"Usiwe na shaka. Spika akisema 'wanaoafiki', wanaamka wenyewe."

"Wanaamka wao, au inaamka midomo tu?"

"Mwanangu, maswali yako yanachosha! Mwulize Kiboko."

Basi akaenda kumwuliza Kiboko. Ulipofika muda wa uji, Spika alipotoka kunyoosha miguu, Bi Nguchiro akanyata, nya, nya, nya, hadi kwenye sikio la Kiboko aliyelala. Akaiga sauti ya Mbuni:

"Wanaoafiki uji uje bila sukari waseme ndiyo!"

"Ndiyooooo!" akanguruma Kiboko, macho yamefumbwa.

"Ndiyooooo!" wakaitikia Tembo na Nyati usingizini. Pango zima likavuma.

Kanga, mpishi wa Bunge, akasikia kutoka jikoni. Akaleta uji bila sukari. Kiboko akaamka, akapiga funda moja, akakunja uso.

"Nani kaondoa sukari?"

"Mmeafiki wenyewe, mheshimiwa. Nimewasikia."

"Ah! Kama tumeafiki, basi." Akaumaliza uji wake, akalala tena.

Bi Nguchiro akarudi kitini akicheka moyoni. Swali lake lilikuwa limepata jibu.

Zamu yake ikafika. Akapanda juu ya meza, akasimama wima.

"Mheshimiwa Spika, nianze kwa pongezi."

Sauti yake ilikuwa laini, kama anabembeleza mtoto. Akampongeza Spika kwa joho lake. Akampongeza Tembo kwa masikio, Nyati kwa pembe, Kiboko kwa tumbo. Akazipongeza familia zao, mashemeji wao na majirani wa mashemeji wao. Safu ya mbele vichwa vikaanza kuinama, kimoja, kingine, kingine. Khorrr... fyuuu.

"Nikiwa bado napongeza," akaendelea kwa sauti ileile, "naomba kuleta marekebisho. Fimbo isimikwe kama alivyosema mheshimiwa Kiboko. Ila walio wafupi kuliko fimbo watangulie kunywa, na warefu wasubiri mpaka wadogo wamalize. Tena asiruhusiwe mnyama yeyote kushinda ndani ya maji tunayokunywa."

Tembo akafumbua jicho moja.

"Taarifa! Anasema nini huyu?"

 Bi Nguchiro akawaza pacha wake na mtungi ule.

"Anatusifu," akajibu Nyati bila kuinua kichwa.

"Ahaa! Aendelee." Jicho likafumbwa.

Lakini Mbuni alikuwa amesikia kila neno. Akamtazama Bi Nguchiro kwa shingo yake ndefu, kisha akaitazama safu ya mbele. Kanuni ni kanuni. Akayasoma marekebisho yote kwa sauti, polepole, asiruke kitu. Akangoja yapingwe. Hakuinuka hata mmoja.

"Wanaoafiki marekebisho haya waseme ndiyo!"

"NDIYOOOOO!"

"Wasioafiki waseme siyo!"

Khorrr... fyuuu.

"Walioafiki wameshinda! Na wanaoafiki muswada wote pamoja na marekebisho yake?"

"NDIYOOOOO!"

"Bunge limepitisha!"

Jioni Kiboko akaja bwawani, taulo begani, akipiga mbinja. Akaiona fimbo yake imesimama vizuri, akafurahi. Kisha akaona panya, sungura na kanga wamejipanga mstari mbele ya fimbo, na pacha wawili wa nguchiro wakiwa wa kwanza kabisa. Njiani kasimama Faru, askari wa bwawa.

"Simama, mheshimiwa. Warefu wanasubiri kule. Na kukaa majini, marufuku."

"Ati nini? Unanijua mimi ni nani? Nani kapitisha upuuzi huo?"

"Ninyi wenyewe," akasema Mbuni, aliyekuwa mwisho wa mstari wa warefu, anangoja kama wengine. "Na sauti yako ndiyo iliyovuma kuliko zote."

"Siyo!" Kiboko akaruka. "Siyo! Siyo! Siyoooo!"

Bi Nguchiro akasimama kwa miguu ya nyuma, akamtazama.

"Mheshimiwa, neno hilo ulikuwa nalo pangoni. Mbona hukulisema?"

 Kiboko akakaa kando juani na taulo lake, akawasikiliza wale pacha wanavyokunywa: chapu, chapu, chapu.

Mzee Ngiri naye, mfupi kuliko fimbo, akanywa mpaka tumbo likajaa. Akapangusa meno yake, akakohoa kidogo.

"Baada ya kunywa maji haya," akasema, "naunga mkono hoja."

Hadithi yangu imefika bwawani, nami nimeshiba maji: kinywa kinachosema ndiyo kabla sikio halijasikia, humfunga mwenyewe.