Kiti cha Pili cha Bi Mwantumu

Hapo zamani, tena si zamani sana, maana ndege zilikuwa zikiruka na bima zikiuzwa, Bi Mwantumu wa Pangani alialikwa Maskati, mwanawe wa huko akimwoza bintiye.

Maunda, mke wa Shekue, mwanawe wa Pangani, akamwambia, "Mama, tukukatie bima ya safari, ukiugua utibiwe."

Bi Mwantumu akaja juu. "Sijapanda hata ndege, ushaniuguza! Uchuro huo sitaki!"

Maunda akaenda kukata kwa siri, na Shekue akamfuata. Wakala akauliza, "Msafiri ana maradhi?"

"Hana," akasema Maunda haraka, bei isipande.

"Ana sukari," akasema Shekue. "Andika."

"Mama kakataza watu wasijue!"

"Andika."

Bei ikapanda. Maunda akauza cherehani yake akalipa. Kadi akampa wifi yake Hidaya, aliyekuwa anasafiri na mama.

Huko Maskati harusi ilinoga. Hidaya akamsogezea mama halua. "Onja, mama, leo siku ya furaha." Mama akaonja, akaonja, sahani ikabaki nyeupe. Kabla bibi harusi hajatolewa, Bi Mwantumu akaanguka, hajitambui. Ukumbi mzima kilio. Hidaya hakulia, alipiga namba iliyo kwenye kadi. Kampuni ikatazama, ikakuta sukari imetajwa, ikamwelekeza hospitali na kukubali kulipa. Daktari akasema, "Mngechelewa kidogo tu, mngemkosa."

Basi mama akapona, akarudi Pangani na tiketi mbili za umra, zawadi ya mwanawe wa Maskati.

"Moja yangu," akasema. "Ya pili ya aliyeniokoa."

Maunda akasema, "Mimi niliikata bima, na hadi leo nashona kwa mkono."

"Na ukanificha."

Shekue akasema, "Bila ukweli wangu, mama, kampuni ingeruka, isilipe."

"Na ukatangaza maradhi yangu."

Hidaya akasema, "Mimi nilipiga simu, wenzangu wakilia."

"Na ile halua nani alinisogezea?"

Hidaya akainama. "Mimi, mama. Lakini sahani uliilamba mwenyewe."

Bi Mwantumu akacheka mpaka kanga ikamvuka kichwani. "Safari hii bima nakata mwenyewe. Lakini kiti nimpe nani?"

Haya, nyinyi mnaocheka! Tiketi anayo mkononi, na watatu wote wanamkodolea macho. Je, nani alistahili?