Kinu na Mungu Mwenye Masikio Mazito

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo ni sauti ya watu walioshiba viazi. Itikieni kama mna roho! Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, mbali huko Japani, palikuwa na kijiji chenye mahekalu matatu madogo. Kwao miungu hukaa kama majirani: huyu wa mpunga, huyu wa mashujaa, huyu wa wavuvi. Ukiwa na shida unapita chini ya lango, unanawa mikono, unasukutua, unainama mara mbili, unapiga makofi mawili, pa! pa!, ndipo unasema. Makofi ndiyo hodi yao.

Kijijini hapo alikaa msichana aitwaye Kinu, msusi wa viatu vya mabua ya mpunga. Mikono yake hodari, lakini sauti! Kinu akisema neno, hata inzi aliyetua begani kwake angemwomba arudie.

Mwaka huo akaja fundi wa kuezeka nyasi, kijana Tasuke. Kwa mwezi mmoja alinunua kwa Kinu jozi tisa za viatu. Jozi tisa! Mtu anayeshinda juu ya paa anatembea wapi? Mnacheka, mmeelewa. Kinu naye alielewa, moyo ukamdunda, lakini kijana akija yeye husema "Karibu" na "Kwaheri", basi. Na Tasuke, mwanamume mzima na mabega yake yale, "Asante" na "Kwaheri". Jamani, watu hawa wananitia hasira!

Ikafika siku ya mwisho. Tasuke alibakiwa na paa moja tu, na kesho yake asubuhi angevuka mlima kurudi kwao, moja kwa moja. Kinu akatupa mabua chini. "Nakwenda kwa miungu," akasema.

Akaanza kwa Inari, mungu wa mpunga. Akanawa, akainama, pa! pa!, akanong'ona, "Naomba Tasuke asiondoke. Nampenda."

Mbweha wa mawe aliyekaa mlangoni akafumbua jicho moja.

"Binti, unampigia nani makofi? Mwenyewe hayupo."

"Amekwenda wapi?"

"Si mwezi wa kumi huu? Miungu wamekwenda Izumo, mkutanoni."

"Mkutano wa nini?"

"Wa kupanga nani aoane na nani."

Hebu fikirini! Mwaka mzima wapo, siku unayowahitaji wako mkutanoni. Waliowahi kufuata muhuri ofisini wananielewa.

Kinu akaenda kwa Hachiman, mungu wa mashujaa. Akanawa, akainama, pa! pa!, akanong'ona, "Naomba Tasuke asiondoke. Nampenda."

Simba wa mawe, yule aliyechongwa kinywa wazi, akapiga miayo. "Na wangu kaenda vilevile. Mimi nimeachiwa lango tu."

Hapo Kinu akalia kweli. Simba akamhurumia.

"Nyamaza, mama. Yupo mmoja aliyebaki: Ebisu, mungu wa wavuvi. Masikio yake mazito, wenzake walipoitana safari hakusikia. Ila usimnong'oneze. Zunguka nyuma ya hekalu, gonga ukuta, useme kwa nguvu."

Kinu akakimbia hadi hekalu la tatu, akazunguka nyuma. Ukutani palikuwa na ngazi imeegemezwa. Nyie mmeiona. Kinu hakuiona, macho yalikuwa yamejaa machozi.

Akagonga, ko ko ko. "Naomba Tasuke asiondoke. Nampenda." Ndani Ebisu anapara samaki wake na kujiimbia.

Akagonga kwa ngumi, ko! ko! ko! "Naomba Tasuke asiondoke! Nampenda!" Ebisu na wimbo wake.

Basi Kinu akaifikiria kesho. Akaiona ile njia ya mlimani, na mgongo wa Tasuke unavyozidi kuwa mdogo. Akagonga kwa mikono yote miwili, KO! KO! KO!, akavuta pumzi mpaka kwenye visigino:

"NAOMBA TASUKE ASIONDOKE! NAMPENDAAA!"

Njiwa wakaruka. Wanawake kisimani wakageuka. Mzee mmoja akajimwagia chai. Na juu ya paa fungu zima la nyasi likaporomoka, na nyuma yake kikachomoza kichwa cha Tasuke.

"Unanisema mimi?" akauliza.

Kinu akatamani ardhi immeze. Ardhi ikakataa. Basi akainua uso. "Kwani kuna Tasuke mwingine hapa?"

Tasuke akashuka mbiombio, akakosa vipandio vitatu, akaanguka chini, puu! Hata hakuinuka. Akasema palepale alipokaa, "Kinu, paa hili nilikwisha limaliza wiki iliyopita. Kila asubuhi nalifumua, naanza upya. Nilikuwa sijui nikwambie vipi."

Kinu akacheka, na kicheko chake kikasikika mpaka kisimani.

Ndipo Ebisu akafungua dirisha, samaki mkononi, magamba ndevuni. "Nani anagonga? Semeni, wanangu, leo nipo peke yangu, nawasikiliza!"

Wakatazamana. Kinu akainama mara mbili, akapiga makofi mawili, pa! pa!, akapaza sauti: "Hatuna shida, Babu! Tumekuja kukusalimu!"

Hata hilo Ebisu hakulisikia. Akatabasamu tu, akawapa samaki.

Na mwezi uliofuata, miungu waliporudi kutoka Izumo, wamechoka, mipango yote ya ndoa wameikunja kwapani, walimkuta Kinu mlangoni kwake na mumewe, na harusi imekwisha liwa zamani.

Hadithi yangu imeishia hapo. Na wewe Mwanashehe unayechekea ndani ya kanga, nimekuona.