Vibuyu Juu ya Paa

Paukwa!

Pakawa!

Nyie akina baba huko nyuma, mmemeza mawe? Paukwa!

Pakawa!

Haya, ndiyo hivyo.

Hapo zamani za kale, kwenye ua mmoja, kuku na bata walikuwa na mlinzi wao, Jogoo. Kazi yake moja tu: akimwona mwewe, apige kelele. Lakini maskini Jogoo, alikuwa na shughuli nyingi! Anajisafisha manyoya. Mwewe akaja, vuup! Kifaranga hayupo. Akaja tena, vuup! Hayupo.

Koo mmoja, kuku mama aitwaye Kishungi, aliporwa vifaranga wake wote. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Sasa alikuwa ameatamia mayai mengine.

"Safari hii sikubali," akasema. "Ulinzi nagombea mimi."

Uchaguzi wa mlinzi ulikuwa na Tume yake, na Mwenyekiti wa Tume alikuwa Batamzinga, kifua mbele. Huyo alipenda usawa, jamani! Asubuhi usawa, jioni usawa.

"Gulu-gulu-gulu! Majike, jitokezeni! Mlango uko wazi!"

Mlango upi? Kura ilikuwa punje ya mtama, na kila mgombea alikuwa na kibuyu chake. Vibuyu vilitundikwa juu ya paa la ghala. Kura zilipigwa kunapopambazuka tu, baridi ikiuma. Na nani asiyejua kuwa koo akiacha mayai kwenye baridi, yanakuwa viza?

Kishungi akamwita Batamzinga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Sisi tumeatamia, hatuwezi kupanda. Vibuyu vishuke, vipitishwe viotani."

Batamzinga akacheka, shingo yote nyekundu. "Paa ni lilelile kwa wote, mama! Unataka usawa gani tena? Na huko viotani Tume haijui hata njia."

Siku ikafika. Madume puru-puru-puru, wote paani. Koo wote wako kwenye mayai. Batamzinga akatanua mkia.

"Tume inasikitika! Majike hawapendi siasa. Tumewaita, tumewabembele..."

Vuup!

Mwewe! Madume wamejipanga peupe. Kwake ilikuwa sinia ya pilau. Jogoo aliruka wa kwanza, kupiga kelele akasahau. Aliyepaza sauti ni Kishungi, kutoka kiotani: "Kwe-kwe-kweee! Mwewe! Shukeni!"

Wakashuka pukupuku. Wakakimbilia wapi? Viotani, chini ya mbawa za koo! Mwenyekiti mzima akajichomeka ubavuni kwa Kishungi, matako wazi. Manyoya ya mkia kaondoka nayo mwewe.

Kishungi akamtazama. Hasira zilimjaa.

"Pole, Mwenyekiti. Kumbe njia ya kiotani unaijua."

Batamzinga akavuta matako ndani.

"Basi pitia hiyohiyo, uje na vibuyu. Na usinikanyagie mayai."

Kura zikarudiwa. Batamzinga akavibeba vibuyu mwenyewe shingoni, kiota hadi kiota. Kishungi akashinda. Mayai yakaanguliwa, vifaranga wakakua hadi wakamsumbua mama yao. Jogoo bado anajisafisha manyoya. Kazi hiyo hakuna aliyegombea naye.

Basi wakubwa kwa wadogo, shikeni hili: anayesimamia uchaguzi asihubiri usawa akiwa paani. Apeleke kura alipo mpiga kura.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyekasirika, ashuke kwanza paani.